Unaenda Benin? Viza huhitaji, ila soma hii kwanza

Watu wengi huku kwetu hawajui kwamba Mwafrika mwenye pasipoti ya nchi yake anaingia Benin bila viza na anakaa mpaka siku 90, awe Mtanzania, Mkenya, Mganda au Mkongo. Ni jambo zuri sana, nchi nyingi bado hazijafika hapo, lakini sasa ndo linafanya watu wajisahau, mtu akisikia hakuna viza anakata tiketi leo anataka kupaa kesho, anakuja kukwama eapoti kwa sababu ya kadi ya njano, ile ya chanjo.

Chanjo ya homa ya manjano ni lazima, alafu kadi inaanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa sindano, sio siku ileile, kwahiyo ukichoma Jumatatu ukasafiri Ijumaa umebeba kadi ambayo bado haijaanza kazi. Jipe angalau wiki mbili. Kama ulishachoma zamani usibabaike, tangu Julai 2016 kadi ni ya maisha hata kama ndani imeandikwa miaka 10. Angalia jina na namba ya pasipoti viwe sawasawa, na tafadhali usinunue kadi ya mtaani bila kuchoma, huo ugonjwa unaua kweli na Benin upo. Hiyohiyo kadi itunze mpaka urudi, maana na huku kwetu utaulizwa.

Pasipoti iwe na miezi 6 mbele. Ndugu zetu mlioko ughaibuni, kama unasafiri na pasipoti ya Uingereza au Marekani basi wewe unaomba viza mtandaoni kabla ya kupanda ndege, wanachoangalia ni pasipoti uliyoshika.

Haya, usalama. Hapa naomba tuelewane vizuri: kusini nenda, kaskazini ya mbali acha. Cotonou, Porto-Novo, Ouidah, kijiji cha Ganvié kilichojengwa juu ya maji ya ziwa Nokoué, majumba ya wafalme kule Abomey, huko kote watu wanatembelea. Ila mbuga za Pendjari na W, zinazopakana na Burkina Faso na Niger, vikundi vyenye silaha vinaingia. Mei 2019 watalii wawili Wafaransa walitekwa Pendjari na mwongoza watalii wao, Mbenini, akauawa, na 2022 askari wa wanyamapori waliuawa kule W. Hata ukiambiwa sasa hivi kumetulia, kataa, simba wapo na kwetu. Na usipange kuvuka kwa basi kwenda Niger, ule mpaka una mgogoro tangu mapinduzi ya 2023 ya Niamey. Benin kwenyewe Desemba 2025 kulikua na jaribio la mapinduzi likazimwa, kwahiyo wiki ya safari fatilia habari, na ukiona wanajeshi wamekusanyika ondoka wala usitoe simu kupiga picha.

Cotonou usafiri ni pikipiki, zinaitwa zemidjan, madereva wanavaa shati za njano. Patana bei kabla hujapanda, usiku wa manane tafuta gari. Magari yanapita kulia, sio kushoto kama kwetu, hii ichukulie siriasi sana maana mguu unavuka kwa mazoea na jicho linaangalia upande ambao gari haliji.

Bahari nayo tahadhari. Pwani yetu imekingwa na matumbawe maji yanatulia, pale mawimbi yanapiga moja kwa moja na mkondo unavuta mtu ndani hata kama anajua kuogelea, we kaa mchangani ule samaki.

Hela ni faranga za CFA, euro 1 ni kama faranga 656 na haipandi haishuki, kwahiyo beba euro, shilingi hutapata wa kukubadilishia. Lugha ni Kifaransa na Kifon, Kiingereza usikitegemee. Chaja zetu za pini tatu haziingii, nunua adapta ya pini mbili za duara. Malaria ipo sana, usiseme umezoea, lala kwenye neti na ukisikia homa hata baada ya kurudi kapime.

Ukikuta sherehe za Vodun, dini yao ya jadi, mfano zile za Januari kule Ouidah, omba ruhusa kabla ya kupiga picha na usimguse mtu aliyevaa vazi la mizimu, kwao ni ibada kabisa. Na kama unataka kuunganisha mpaka Lagos kwa vile ni karibu, Nigeria ina viza yake, itafute ukiwa bado nyumbani.