Jinsi mtahini anavyogawa alama za mekanika, na jinsi ya kuisahihisha karatasi yako mwenyewe

Kijana mmoja ninayemfundisha Jumamosi kule Pangani alinifungulia karatasi yake ya mtihani wa majaribio wa mekanika, ile hisabati ya kani na mwendo, akaweka kidole juu ya swali la nne. "Mwalimu, jibu langu na la mwongozo ni moja. Mbona nimepewa 2 kati ya 5?"

Swali lenyewe ni hili. Sanduku la kilo 25 linavutwa kupanda ubao ulioinama nyuzi 30. Kamba iko sambamba na ubao, nayo inavuta kwa niutoni 200. Kigezo cha msuguano kati ya sanduku na ubao ni 0.3. Onyesha kwamba mchapuko wa sanduku ni 0.402 m/s², kwa tarakimu muhimu tatu.

Aliyemsahihisha hakumwonea. Ila kijana huyu alikuwa hajawahi kuonyeshwa alama zinatoka wapi, na wanafunzi wengi ninaokutana nao wako hivyo hivyo. Wanafanya karatasi za miaka iliyopita mpaka vidole viume, kisha wanatazama jibu la mwisho tu, wanatia tiki au mkasi, wanafungua ukurasa mwingine. Nitatumia swali hilohilo la sanduku kukuonyesha namna ya kusoma kazi yako kwa jicho la msahihishaji. Chukua kalamu nyekundu.

Hatua ya 1: Soma jalada

Hapa Nairobi vijana wawili wa ploti moja wanaweza kupanda matatu moja asubuhi, mmoja akafanye KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari, na mwingine A-Level ya Cambridge au ya Edexcel, bodi za mitihani za Uingereza. Ushauri wa mmoja unaweza kumwangusha mwenzake.

Mfano ni g, yaani mchapuko wa graviti. Jalada la mekanika ya Cambridge linakuagiza utumie 10. Edexcel inakuagiza utumie 9.8, kisha jibu ulitoe kwa tarakimu muhimu mbili au tatu. Ukilifanya swali la sanduku kwa 9.8, mchapuko unakuwa 0.554, mbali kabisa na 0.402. Na wale waliozoea 9.81 ya fizikia wajue kwamba Edexcel huikata, ingawa hukata mara moja tu katika swali zima.

KCSE nayo, upande wa hisabati, haikuulizi kani. Kani ziko kwenye fizikia. Hisabati inakuuliza mwendo: grafu za velositi na wakati, magari yanayokutana au kupitana njiani, na kalkulasi ya mwendo. Jalada lake linasema jambo ambalo wengi hulipita bila kulisoma: onyesha hatua zote za hesabu yako, na alama zinaweza kutolewa kwa kazi iliyo sahihi hata kama jibu si sahihi. Sentensi hiyo ndiyo msingi wa kila kitu kinachofuata hapa.

Hatua ya 2: Zijue herufi tatu

Fungua mwongozo wowote wa kusahihisha, uwe wa KCSE au wa Uingereza, utaona M1, A1 na B1 zimepangwa pembezoni, namba ikiwa ni idadi ya alama. M ni alama ya njia: umechagua kanuni inayofaa na ukaitumia kwenye swali hili. A ni alama ya usahihi, na inaifuata M kama tela linavyofuata lori. M ikikosekana, A yake haiji, hata namba iwe imeangukia mahali pake. B inasimama peke yake, mara nyingi kwa ukweli mmoja ulioandikwa vizuri.

Jambo moja linawachanganya watu: kuandika kanuni tupu hakukupi M. Ukiandika F = ma (kani ni masi mara mchapuko) ukaishia hapo, umenionyesha kwamba unakumbuka, bado hujanionyesha kwamba unajua ni kani zipi zinazolisukuma na kulizuia sanduku hili. M inakuja pale namba na herufi za swali zinapoingia ndani ya kanuni.

Hatua ya 3: Gawa alama kabla ya kutazama mwongozo

Funika mwongozo. Soma swali, kisha jiulize ni mambo gani tofauti mtu lazima ayajue ili afike mwisho. Swali la sanduku, kwa g ya 10, mimi ningeligawa hivi (R ni kani ya ubao unaolisukuma sanduku, 250 ni uzito wake, yaani 25 × 10, na a ni mchapuko):

R = 250 × kosaini 30, B1.
Msuguano = 0.3 × R, M1.
200 − 250 × saini 30 − msuguano = 25a, M1 kwa mlinganyo wenye kani zote, na A1 ikiwa kila kitu ndani yake ni sahihi.
a = 0.402, A1.

Jumla 5. Tazama mstari wa tatu: peke yake umebeba alama mbili, na ya mwisho nayo inaning'inia juu yake. Katika karatasi nyingi za mekanika nilizosahihisha, mlinganyo wa mwendo ndiyo nguzo ya nyumba. Mwanafunzi akiniambia muda umemwishia, humwuliza kama aliuandika mlinganyo huo, hata bila kuutatua. Mstari mmoja tu, nusu dakika, na alama zake zimeingia mfukoni.

Muda wenyewe upime hivi. Mekanika ya Cambridge ni alama 50 kwa saa moja na robo, na kila karatasi ya hisabati ya KCSE ni alama 100 kwa saa mbili na nusu. Kote ni dakika moja na nusu kwa alama. Swali la alama 5 likikula dakika 15, kuna swali jingine linalokufa njaa.

Hatua ya 4: Tofautisha kosa la njia na kosa la usahihi

Nataka tukae hapa. Tuchukue wanafunzi wanne, wote wamekosa swali la sanduku, na hapa tusahau kwamba jibu lilikuwa limetolewa.

Wa kwanza amebadilisha saini na kosaini. R yake ni 125, msuguano wake 37.5, na mlinganyo wake ni 200 − 216.5 − 37.5 = 25a. Anapata −2.16. Jibu liko mbali sana, lakini kani zote zipo, kila inayopaswa kuzidishwa kwa saini au kosaini imezidishwa, na msuguano umetoka kwa R. Ninampa M mbili. B na A zinaenda. Ana 2.

Wa pili amekosea ishara ya msuguano: 200 − 125 + 64.95 = 25a, akapata 5.60. Mlinganyo bado una kani zake zote, kwa hiyo M inabaki na A zinaondoka. Na kwa kuwa R na msuguano vilikuwa sawa kabla ya hapo, ana 3.

Wa tatu amesahau kabisa kwamba uzito unalivuta sanduku kuteremka. Ameandika 200 − 64.95 = 25a, akapata 5.40. Ukilitazama jibu lake kando ya lile la wa pili, yanakaribiana. Ukiutazama mlinganyo, kuna kani nzima ambayo haipo. Hilo ni kosa la njia. M ya mlinganyo inakwenda na A zake zote mbili. Ana 2.

Wa nne ameandika R = 250 na kuendelea kana kwamba ubao umelala sakafuni, kisha upande wa kulia ameandika a badala ya 25a. Kusahau masi kwenye mlinganyo wa mwendo ni kosa la njia pia, kwa sababu upande mmoja una niutoni na mwingine una mita kwa sekunde mraba. Anabaki na M moja ya msuguano.

Ukishayaona haya, unaweza kujikagua kabla ya kugusa kikokotoo. Hesabu mishale kwenye mchoro wako, kisha hesabu kani kwenye mlinganyo. Sanduku lina mishale minne: kamba, uzito, msuguano, na ubao unaolisukuma kutoka chini. Ule wa mwisho unafanya pembe mraba na ubao, kwa hiyo hauingii kwenye mlinganyo wa kupanda. Inabaki mitatu, na pamoja na 25a vipande vinatakiwa kuwa vinne. Ukihesabu vitatu, kuna kitu umekiacha nyuma. Mchoro wenyewe mara nyingi haupewi alama, lakini mimi siruhusu mwanafunzi wangu kuanza swali la kani bila kuuchora.

Hatua ya 5: Usikadirie mapema

Chukua tena kazi iliyo sahihi. R ni 216.506. Mwanafunzi anaandika 217 ili mambo yawe mepesi. Msuguano unakuwa 65.1, kinachobaki ni 9.9, na mchapuko ni 0.396. Njia safi, kani zote zipo, na bado A ya mwisho imepotea kwa sababu ya nusu niutoni. Swali hili lina hatari hiyo kwa sababu tunatoa namba kubwa kutoka kwa nyingine kubwa na kubakiwa na kidogo, yaani 10.05 tu kutoka 200. Kosa dogo mwanzoni linakuwa kubwa mwishoni. Iache namba nzima kwenye kumbukumbu ya kikokotoo, andika angalau tarakimu nne kwenye karatasi, kadiria mwisho tu. Cambridge inataka tarakimu muhimu tatu, na pembe za nyuzi kwa nafasi moja ya desimali.

Kuhusu vizio, nina deni la kulipa. Miaka yangu ya kwanza nilikuwa nikikata nusu alama kwa kila m/s² iliyosahaulika, nikiamini nafundisha nidhamu. Miongozo ya Cambridge inasema kizio kilichokosekana hakimgharimu mtahiniwa alama isipokuwa mwongozo wa swali hilo umesema hivyo, na nusu alama hazitolewi kabisa. Kuna watoto waliorudi nyumbani na alama pungufu kwa kanuni niliyoitunga mimi. Andika vizio, ni tabia njema ya kazi. Lakini mwalimu anayesahihisha mtihani wa majaribio asahihishe kwa mwongozo, asiongeze sheria zake.

Hatua ya 6: Lifuate kosa lako mpaka kipengele kinachofuata

Swali likiwa na (a), (b) na (c), kosa la (a) halikuzikii (b). Msahihishaji huichukua namba yako mbaya na kutazama kama umeitumia vizuri. M za mbele zinabaki wazi, na mara nyingine hata A, pale mwongozo unapoonyesha kwamba jibu linafuata kazi ya nyuma. Kwa hiyo usikate tamaa ukaacha ukurasa mtupu. Na kama (a) ilikuwa "onyesha kwamba" ukashindwa, chukua jibu ulilopewa uendelee nalo kwenye (b). Hiyo ni haki yako kamili.

Usifute kwa hasira pia. Kwa Edexcel, kazi iliyopigwa mstari bila kuandikwa nyingine mahali pake husahihishwa. Ipige mstari mmoja tu unaosomeka.

Hatua ya 7: Kwa wa KCSE, chunga neno "umbali"

Kitu kinatembea kwenye mstari ulionyooka, s = t³ − 6t² + 9t + 5, s ikiwa mita na t sekunde. Tafuta umbali uliotembewa katika sekunde 3 za mwanzo. Wengi wanaweka t = 0 wanapata 5, wanaweka t = 3 wanapata 5, wanatoa, wanaandika sifuri. Kitu kimetembea sekunde tatu, kwa nini umbali uwe sifuri?

Tafuta derivativu: v = 3t² − 12t + 9. Hapo kuna M. Iweke sawa na sifuri, M nyingine, upate t = 1 na t = 3, A. Kumbe kwenye sekunde ya 1 kitu kiligeuka. Kutoka mita 5 kilikwenda mpaka 9, kikarudi mpaka 5. Mita 4 kwenda na 4 kurudi, jumla 8. Aliyetoa 5 kwa 5 hakuonyesha mahali pa kugeuka, na hapo ndipo alama zilipokaa. Kwenye grafu ni vilevile: eneo lililo chini ya mhimili wa wakati huhesabiwa kama umbali, halitolewi.

Hatua ya 8: Badilishaneni karatasi

Sahihisha ya mwenzako, naye asahihishe yako, mwongozo ukiwa wazi mezani. Kandokando ya kila mstari andikeni herufi, M, A au B, badala ya tiki. Mkibishana, ubishi uishie kwenye mwongozo.

Yule kijana wa Pangani alikuwa ameandika R = 250 kosaini 30, akaandika msuguano = 0.3R = 64.95, kisha mstari uliofuata: "kwa hiyo a = 0.402". B moja, M moja. Jibu lilikuwa limechapishwa kwenye swali, kwa hiyo kulinakili hakukumwonyesha msahihishaji lolote. Katika swali la "onyesha kwamba" unalipwa kwa njia uliyopita, kila kipande chake. Nilimrudishia karatasi. Akauandika mstari uliokosekana, 200 − 125 − 64.95 = 25a, akaandika a = 0.4019..., na chini yake 0.402. Nikampa kalamu nyekundu. Pembezoni mwa mstari huo wa mlinganyo akaandika M1, A1. Alipofika kwenye 0.402 alisita, akanitazama, akazungushia duara ile 0.4019... juu yake, na hapo ndipo akaandika A1 ya mwisho.