Kuzalisha aina mpya ya jeraniamu Malindi: kuchavusha, kuotesha, kuchuja

Jeraniamu karibu zote zinazopatikana vitaluni zilichaguliwa kwa hali ya hewa ya ubaridi. Hapa Malindi huchanua vizuri wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, lakini joto la kaskazi likishika, majani machanga hupauka yakawa meupe na matumba hukauka kabla ya kufunguka. Usiku wa Machi huzunguka nyuzi 25, na mmea huu, ambao jamii zake nyingi asili yake ni kusini mwa Afrika, unahitaji usiku wa baridi kuliko huo. Basi lengo letu ni mche utakaovuka Machi ukiwa na maua. Rangi tutaitafuta miongoni mwa miche iliyovuka.

Kuchagua wazazi. Mama awe mmea uliopita kiangazi chako mwenyewe, hata kama ua lake ni la kawaida. Baba ndiye wa rangi. Chagua mama mwenye ua la petali tano. Maua yaliyojaa petali nyingi mara nyingi stameni zake (viungo vya kiume vinavyotoa chavua, ule unga wa uzazi) zimegeuka petali, na mengine hata stigma, ncha ya kike inayopokea chavua, hayana. Ukipata chavua kidogo kwenye ua la namna hiyo, litumie kama baba. Angalia pia idadi ya kromosomu, yaani nyuzi za urithi ndani ya seli: zipo aina zenye 18 na zipo zenye 36. Ukichanganya hizo mbili, mtoto akipatikana huwa tasa, na kizazi kinaishia hapo.

Kuhasi ua. Chukua tumba lililoanza kuonyesha rangi, linalotarajiwa kufunguka kesho. Kwa kibano chembamba ng'oa vichwa vyote vya stameni kabla havijapasuka. Vikisha kupasuka utaona vumbi la rangi ya chungwa kwenye petali. Ua hilo liache, tafuta jingine. Katika jeraniamu chavua hutangulia na stigma hufuata siku chache baadaye, kwa hiyo una nafasi ya kutosha kufanya kazi kwa utulivu. Funika kichala kwa kitambaa chepesi ili nyuki wasikutangulie.

Kuchavusha. Stigma changa ni kijiti kilichofumba. Ikikomaa hupasuka ncha tano zinazojikunja nje na kunata kidogo. Hapo, asubuhi kabla jua halijawa kali, pakaza chavua ya baba juu ya ncha zote tano. Usinyofoe petali: zikidondoka siku hiyo hiyo au kesho yake, ni dalili nzuri kwamba chavua imepokelewa. Funga lebo kwenye kikonyo cha ua lenyewe: mama kwanza, kisha baba, kisha tarehe. Andika kwa penseli, wino wa kalamu huoshwa na mvua.

Ovari, yaani kifuko cha mbegu, ikishika, mdomo mrefu huchomoza katikati ya ua. Mbegu huchukua kama wiki nne hadi sita kukomaa, na kila ua hutoa zisizozidi tano. Mdomo ukigeuka kahawia ufunge kwa kipande cha chandarua, kwani ukikauka hupasuka na mbegu hupeperuka na manyoya yake. Upepo wa kusi haukusubiri.

Kuotesha. Ganda la mbegu ni gumu. Ondoa manyoya, sugua upande mmoja kwa msasa laini hadi uone weupe mdogo tu, kisha panda kina cha milimita 3. Udongo wangu ni mchanga wa mtoni uliooshwa na unga wa makumbi ya nazi, nusu kwa nusu. Makumbi lazima yalowekwe na kumwagwa maji mara kadhaa, yana chumvi. Maji ya kisima cha chumvi usiyatumie kabisa kwenye trei. Kinga maji ya mvua, utumie hayo. Panda wakati wa kipupwe, maana mbegu hupenda nyuzi 21 hadi 24. Mche ukiwa na majani mawili ya kweli, uhamishie chungu cha sentimita 10, chini ya makuti yanayopitisha mwanga. Ua la kwanza hutokea baada ya miezi mitatu hadi mitano.

Kuchuja. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kila mche ni wa kipekee, kwa sababu wazazi wenyewe ni machotara, na mtu akiona ua zuri moja huanza kuligawa kwa majirani. Ngoja. Kwanza tupa wote wenye pingili ndefu, shina legevu, au vipele vya kutu chini ya jani. Waliobaki, kata vipandikizi vya sentimita 7 au 8 chini kidogo ya kifundo, sita kwa kila mche, na sita vya mama. Vipange kwa kuchanganya, si kila aina kwenye safu yake, ili kivuli na upepo visipendelee mmoja. Waache wapite Januari hadi Machi, kisha masika. Kila wiki andika: vichala vilivyofunguka, siku petali zilizodumu, majani yaliyopauka, vyungu vilivyooza. Asiyemshinda mama katika joto hana sababu ya kubaki, awe mrembo namna gani. Anayeshinda, kata vipandikizi kutoka vipandikizi vyake, vizazi viwili zaidi, uone kama sura inabaki ile ile.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Niko Lamu. Vipandikizi vyangu vinageuka vyeusi chini na kuanguka. Ni jua?*

Marahaba mwanangu. Si jua, ni maji. Shina likiwa jeusi na laini kuanzia chini, ni pithiamu, kimelea kinachofanana na kuvu, nacho hupenda udongo uliolowa muda wote. Acha kidonda cha kipandikizi kikauke kivulini saa chache kabla ya kupanda, na usirudie udongo wa zamani. Lakini majani yakinyauka upande mmoja huku udongo una maji, shuku bakteria wa mnyauko. Ng'oa, choma, safisha kisu. Mwaka 2003 bakteria huyo aligunduliwa Marekani katika jeraniamu zilizotoka Kenya, na kwa kuwa hushambulia pia viazi na nyanya, mimea mingi sana iliteketezwa.

*Kaka, nimechavusha yenye majani ya ukingo mweupe. Miche mingine imeota meupe kabisa, ikafa. Nimekosea wapi?*

Hujakosea, dada. Katika mimea mingi kijani cha jani hurithiwa kwa mama pekee. Jeraniamu hurithi kwa wazazi wote wawili. Mche uliopata weupe mtupu hauwezi kujitengenezea chakula. Otesha mbegu nyingi zaidi, ubakishe yenye mabaka.

*Nikipata aina nzuri, naweza kuisajili kwa jina langu?*

Ndiyo, KEPHIS, shirika la serikali ya Kenya la ukaguzi wa afya ya mimea, ndio wanaoshughulikia haki za wazalishaji wa aina mpya. Watataka aina iwe tofauti na zilizopo, miche yake ifanane, na isibadilike kizazi hadi kizazi, kwa hiyo yale madaftari ya kila wiki yahifadhi. Na waone kabla hujauza hata chungu kimoja, kwani aina iliyokwisha kuzoeleka sokoni hupoteza sifa ya upya.