Mkate wa kumimina kama wa mama, nilivyofundishwa kwa simu

Mama yangu hapimi kitu. Ukimuuliza tui kiasi gani anakwambia "tia mpaka uone panatosha", ukimuuliza sukari anakwambia "kwani we utamu huujui?" Nlivyohama Unguja kuja Dar nkabaki na hamu ya mkate wake tu, mpaka Ramadhani moja nkaamua leo nampigia, kikombe mkononi, hakati simu mpaka tuhesabu wote.

Vipimo tulivyofikia kwa kubishana ni hivi: mchele vikombe 2, tui zito kikombe 1 na robo ivi, hamira kijiko 1 cha chai, sukari robo tatu ya kikombe, iliki punje 6 za kutwangwa, ute wa yai 1, na samli au mafuta ya kupaka sufuria. Wengine wanauita mkate wa sinia, sawa tu.

Mchele loweka usiku kucha. Mi nshawahi kuchakachua apo, nkaloweka masaa mawili tu, nkala mkate una chenga kama mchanga. Kesho yake uoshe, uchuje maji yote yatoke.

Sasa tui. Mama la kopo halitaki hata kulisikia, mi natumia nkiwa na haraka ila simwambii. Nyumbani mi ndo nlikuwa wa kukuna, yani nkitoka chuoni najua mbuzi inanisubiri uani, na ole wako ukune mpaka kwenye kifuu ule weusi uingie, anakurudishia na bakuli lako. Basi kuna nazi 2, kamua kwa maji kidogo sana upate tui la kwanza, zito. Kama maji ulitia ya moto liache lipoe liwe vuguvugu, manake tui la moto linaua hamira na mkate hauumuki ng'o.

Tia mchele kwenye brenda, na tui, hamira na iliki, saga. Saga kweli. Brenda ikianza kupata moto izime ipumzike alafu endelea, usikimbilie kuongeza tui eti ili ilainike, uji ukiwa mwepesi mno mkate unakaa chini kama chapati. Apa mama ana kitu chake, anachovya kidole, anasugua uji kati ya kidole gumba na cha shahada huku anaangalia pembeni, hautazami kabisa. Akisikia chenga hata moja, saga tena. Kwenye simu aliniambia nisugue alafu nimwambie nasikia nini, nkasema laini, akasema "sugua tena, hujasugua wewe". Na kweli chenga zilikuwepo.

Mimina kwenye bakuli kubwa, funika, weka pahali pana joto. Kwa joto la Dar dakika 45 mpaka saa nzima unakuta umeumuka una mapovu juu. Sukari inaingia sasa ivi, sio mwanzo, pamoja na ute wa yai ulioupiga ukawa povu, koroga taratibu mara chache basi, ukikoroga kama unasonga ugali ule upepo wote unatoka.

Bandika sufuria ya chini nzito, paka samli kidogo. Nasema kidogo kwa sababu ntaeleza. Ikipata moto mimina uji wote kwa mara moja. Apa ndo aliniambia "isogeze simu kwenye sufuria", nkasogeza, uji ukaingia kimya. Akasema "moto mdogo huo". Yuko ng'ambo ya bahari, mi nko jikoni hata sijashtuka! Inatakiwa ilie chwaaa, ikishalia ndo unapunguza moto uwe wa chini, na usifunike. Dakika kama 10 utaona vitundu vinatoboka juu na pembeni pamekauka.

Chini kumeshika ila juu bado ubichi. Mwenye oveni washa moto wa juu, ingiza sufuria (isiwe na mpini wa plastiki jamani) mpaka juu iwe rangi ya dhahabu, chungulia mara kwa mara. Mama anafanya ya zamani, anashika sufuria kwa matambara mawili anaipindua juu ya jiko la makaa, mkate unatazama moto na hauanguki kwa sababu umeng'ang'ania chini. Mi wa kwanza nlipaka samli ya kumwaga, nkapindua, wote ukateleza ukaenda kwenye makaa. Nkamwambia mama. Kimya, alafu "samli ulitia kiasi gani?" Leo ndo anataka vipimo!

Chomeka kijiti katikati, kikitoka kikavu umeiva. Pitisha kisu pembeni, toa, uache upoe kabisa ndo ukate, ukikata wa moto unashikana na kisu na matundu yanajifunga.

Mwanangu wa kike ana miaka saba na kazi ya kusugua uji na vidole kanipokonya, anasugua macho juu kama bibi yake ambaye hajawahi kumuona akifanya ivyo. Juzi tulituma picha ya kipande kilichokatwa, ndani matundu kama sega la nyuki. Mama akajibu kwa sauti: "Matundu mazuri. Iliki mmeweka ngapi? Mpe mtoto nimuulize yeye."