Siku nne za utulivu Whitby: jinsi ninavyozipanga

Nafanya zamu za usiku hospitalini Leeds. Nikipata likizo, mwili hauombi kingine ila usingizi na upepo wa bahari, basi huenda Whitby, mji wa kale wa wavuvi kwenye pwani ya Yorkshire, Uingereza. Nimeshampeleka mama, shangazi, na wenzangu kadhaa wa zamu. Wanaosema Whitby ni kelele tupu, ukiwauliza walienda lini, ni Jumamosi ya Agosti. Mji ni huohuo. Cha kuchagua ni siku na saa.

Hatua ya 1: Kalenda kwanza, nyumba baadaye

Futa Agosti yote. Shule zimefungwa, na mashindano ya mashua huwa mwezi huo. Futa pia wikiendi mbili za wale wapenzi wa mavazi meusi, mwishoni mwa Aprili na mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Wanakuja kwa sababu sehemu ya hadithi ya Dracula, mnyonya damu, ya mwaka 1897 inatokea Whitby. Ni watu wapole kupita kiasi, wengine na shela za lesi usoni, lakini vyumba vinajaa na bei inapaa.

Mimi huchukua Jumatatu hadi Ijumaa, yaani kulala siku nne. Wenye nyumba wengi hupangisha siku nne hizo kwa bei nafuu kuliko wikiendi. Miezi yangu ni Septemba nusu ya pili, au Machi. Machi baridi ipo, sikufichi.

Hatua ya 2: Chagua upande wa mto

Mto Esk umeukata mji vipande viwili, na katikati kuna daraja linalozungushwa kupisha vyombo. Upande wa mashariki ndio mji mkongwe: vichochoro vyembamba kama vya Lamu, mawe ya mviringo chini, nyumba zenye ngazi za ndani zilizosimama kama za kupandia darini. Unapendeza kwa macho, ila chini ya dirisha lako pengine kuna baa, na magurudumu ya sanduku yatakutoa jasho. Upande wa magharibi, juu ya jabali, nyumba ni za enzi ya Malkia Victoria na mitaa imenyooka. Mama ana magoti mabovu, kwa hiyo kwetu hilo halina mjadala.

Kabla ya kulipa, muulize mwenye nyumba kama chumba cha kulala kina pazia zito. Juni jua linachomoza kama saa kumi na dakika 25 alfajiri, na shakwe waliotaga kwenye mabomba ya moshi wameshaanza kugombana kabla yake. Beba vizibo vya masikio. Wanaoswali nao wajipange: Juni Magharibi inaingia karibu saa tatu na dakika 40 usiku, Desemba ni saa tisa na dakika 40 alasiri.

Hatua ya 3: Usafiri

Kutoka York kuna basi linalokatiza nyika za juu, zaidi ya saa mbili, na mandhari yake yanatosha kuwa matembezi. Treni hutoka Middlesbrough, kama saa moja na nusu, lakini ni chache kwa siku. Ikifika kituo cha Battersby itasimama, dereva atahamia upande wa pili, kisha itaanza kwenda kinyumenyume. Usishuke. Ndivyo reli ilivyo.

Na ukiwaandikia wageni kutoka nyumbani, taja saa kwa maneno. Shangazi nilimwandikia "tukutane stesheni 4:00", nikimaanisha saa kumi jioni. Yeye akasoma saa nne asubuhi. Nilimkuta amekaa saa sita nzima na maandazi ya safari yamekwisha.

Hatua ya 4: Panga siku kwa maji

Hapa mtu wa pwani ana bahati, maana anajua tayari. Maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na bamvua ni mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, vilevile kama kwetu. Tafuta jedwali la maji mapema, uandike saa za kupwa kwa kila siku utakayokuwepo. Matembezi yote yafuate hapo.

Matembezi ninayoyapenda ni ya mchangani kwenda kijiji cha Sandsend, kama kilomita nne. Toka saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, unywe chai huko, urudi kwa miguu au kwa basi. Maji yakijaa, bahari inafika hadi chini ya jabali na njia haipo tena. Ghuba ya Saltwick, upande wa pili, ni hatari zaidi: maji hukuzunguka ungali unaokota mawe. Mara ukungu wa bahari nao hushuka ghafla, hasa majira ya kuchipua. Ukishuka, geuka.

Hatua ya 5: Vidato 199, alfajiri

Kupanda kwenye kanisa la Mtakatifu Maria na magofu ya abasia (nyumba ya watawa) kuna vidato 199 vya mawe. Saa sita mchana ni foleni. Saa moja asubuhi utakuwa peke yako na shakwe. Kila kidato cha kumi kina kisahani kidogo cha chuma chenye namba ya Kirumi, basi huna haja ya kuhesabu. Mabenchi ya njiani yaliwafaa wabeba majeneza. Nawe pumzika hapo bila aibu. Mama mimi humpeleka kwa gari, barabara inafika juu.

Abasia ilianzishwa mwaka 657 na mtawa wa kike aitwaye Hild. Mwaka 664 wakubwa wa dini walikutana hapo kubishania tarehe ya Pasaka. Sisi tunaobishana kila mwaka kuhusu mwezi mwandamo tunawaelewa vizuri. Kuta zinazoonekana leo ni za baadaye sana. Majira ya baridi magofu hufungwa siku nyingi za wiki, kwa hiyo angalia kwanza.

Hatua ya 6: Chakula

Samaki na chipsi wapo kila kona, lakini Yorkshire wengi hukaanga kwa mafuta ya ng'ombe. Kama unakula halali, au huli nyama kabisa, uliza kabla ya kuagiza: "Mnakaangia mafuta gani?" Hawakasiriki, wamezoea.

Ndiyo maana huchukua nyumba yenye jiko. Mtaa wa Henrietta kuna banda la Fortune's linalokausha samaki aina ya heringi kwa moshi tangu 1872, harufu itakuongoza. Usimkaange ndani ya nyumba ya watu, pazia zitanuka wiki nzima. Msimamishe kwenye jagi refu, mkia juu, mmiminie maji yanayochemka, ufunike dakika tano au sita. Mtoe kwa mkia, umtie kwenye tui la kopo lililokwisha chemka na kitunguu na pilipili. Dirisha la jiko lifunge kwanza: mara ya mwisho shakwe alikuwa kizingitini kabla sijapakua.