Kuacha ofisi na kufungua saluni: anza na idadi ya vichwa

Wengi wanaotoka kwenye ajira huanza na rangi ya ukuta na jina la saluni. Anza na daftari. Tuseme fremu ni laki mbili na nusu kwa mwezi, luku laki moja, maji elfu 30, taka na ulinzi elfu 20, bando na vocha elfu 50. Hapo tayari ni 450,000 na hujala. Jilipe laki 6, jumla inakuwa 1,050,000. Mteja wa kawaida akilipa 15,000, bidhaa zinakula 3,000, msusi anachukua 6,000, kwako zinabaki 6,000. Ukigawanya unapata vichwa 175 kwa mwezi, yaani karibu saba kila siku kwa siku 26 za kazi. Tarakimu hizi ni za mfano, weka za mtaa wako.

Siku ya Jumamosi, wateja saba utawapata kabla ya saa nane mchana. Tatizo ni Jumatatu mpaka Jumatano. Kwa hiyo kabla ya kulipa fremu, nenda ukakae jirani na saluni ya mtaa huo Jumanne moja na Jumamosi moja, uhesabu wanaoingia. Kama saluni iliyozoeleka inapata wanne Jumanne, yako mpya haitapata saba.

Barua ya kuacha kazi

Kwa anayelipwa kwa mwezi, sheria ya kazi ya Tanzania inataka notisi ya maandishi isiyopungua siku 28, na mkataba wako unaweza kutaka zaidi. Ukiondoka ghafla, mwajiri anaweza kukukata mshahara wa siku hizo. Dai malipo ya siku ulizofanya kazi, likizo ambayo hukuchukua, na cheti cha utumishi. Wengi hukosea hesabu kwenye kiinua mgongo: yale malipo ya siku 7 kwa kila mwaka ni ya aliyeachishwa na mwajiri. Aliyeacha mwenyewe hayapati, labda mkataba wake useme vingine. Fao la upotevu wa ajira la NSSF nalo ni vivyo hivyo. Usiyaweke kwenye mtaji.

Kama una mkopo wa mshahara, soma mkataba wa benki kabla ya kuandika barua, maana malipo yako ya mwisho yanaweza kuishia huko. Na kama bima ya afya unapewa na kazi, tibu meno na chukua miwani ukiwa bado kazini.

Miezi ya mwisho ya ajira itumie kujifunza. VETA wana kozi za ususi na urembo. Huenda kazi nyingi utawaachia wasusi, lakini ujue kazi mbovu ukiiona, na uweze kumaliza kichwa mwenyewe siku msusi asipotokea. Siku hiyo itafika.

Fremu: maji na umeme

Dalali atakuonyesha vioo na vigae. Wewe fungua bomba. Rudi tena jioni ufungue tena. Kama maji ni ya mgao, utahitaji simtank, na kimo chake ni muhimu kuliko ukubwa: kila mita moja ya kimo inatoa msukumo mdogo sana, hivyo tangi lililo mita moja juu ya sinki litadondosha tu. Liinue mita tatu kama jengo linaruhusu. Chini ya sinki weka wavu wa kunasa nywele, usafishwe kila jioni.

Umeme unataka hesabu pia. Soketi ya ampea 13 inabeba takriban wati 3,000. Draya moja ya mkono inakula hadi wati 2,000. Ukichomeka mbili kwenye ekstensheni moja, unaidai wati 4,000. Haitalipuka siku hiyo. Plagi itaanza kuwa ya kahawia, kisha utasikia harufu ya plastiki, na siku ya Krismasi saluni imejaa ndipo inaungua. Mwambie fundi avute waya wa pekee wa milimita 2.5 kwa soketi za draya, na swichi yake ya ampea 20 kwenye boksi. Dai pia luku yako peke yako. Kuchangia mita na fundi nguo au mwenye friji ni kununua ugomvi.

Mwenye fremu atataka miezi sita au mwaka, na dalali atataka kodi ya mwezi mmoja. Ongeza kodi ya zuio: asilimia 10 ya pango, ambayo mpangaji anatakiwa kuikata na kuipeleka TRA. Kwa mwaka wa milioni 3 hiyo ni laki tatu. Mwenye nyumba akikwambia anataka pesa yake kamili mkononi, laki tatu hizo zitatoka mfukoni mwako, kwa hiyo elewaneni kabla ya kusaini.

Karatasi zenyewe si ngumu: TIN ya TRA haina malipo, jina la biashara linasajiliwa BRELA, leseni inaombwa halmashauri kupitia mfumo wa TAUSI. Mtarajie na afisa afya wa kata.

Vifaa na kichwa cha mteja

Viti viwili, sinki moja, draya moja ya kukalia, mbili za mkono (moja ya akiba), stima moja (mashine ya kupa nywele mvuke). Ukinunua draya ya mtumba Kariakoo, iwashe dakika 20 hapohapo dukani, uone kama inajikata ikipata moto sana na kurudi yenyewe. Usiweke krimu za kung'arisha ngozi kwenye kabati; zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku, na muuzaji ni wewe.

Kazi inayoharibu jina haraka kuliko zote ni kuweka dawa ya kulainisha nywele. Muulize mteja amefumua lini. Kama ni leo au jana, mpe wiki moja au mbili. Muulize kama amejikuna au ameosha nywele jana, kisha pitisha vidole utafute kidonda mwenyewe, asikwambie tu. Paka vaselini kwenye ukingo wa nywele, masikio na kisogo. Anza nyuma, malizia mbele, na kwenye retachi, yaani kurudia dawa nywele zikishaota, gusa ukuaji mpya tu. Dakika zilizoandikwa kwenye kopo zinahesabiwa tangu mpako wa kwanza, hivyo kichwa kizito kinataka watu wawili. Akisema inawaka, suuza, usimpepee. Shampuu ya kuzima dawa irudiwe mpaka povu liwe jeupe kabisa. Vidonda vingi vya kisogo vinatokana na kusuuza nusunusu, na kusuuza nusunusu kunatokana na lile tangi lililowekwa chini.

Vitana vioshwe kwa sabuni, kisha viloweke dakika 10 kwenye Jik ya asilimia 3.5: kipimo kimoja cha Jik kwa sita vya maji, mchanganyiko mpya kila asubuhi. Bila hivyo utasambaza mapunye mtaa mzima. Mikasi itapata kutu, hiyo ifute kwa spiriti ya asilimia 70. Wembe ni mteja mmoja, kisha unatupwa.

Msusi, simu na daftari

Msusi akiondoka na namba za wateja, ameondoka na saluni. Simu ya miadi iwe ya saluni, inakaa saluni, na lipa namba iwe ya jina lako. Mlipe kamisheni yake kila jioni, mkiangalia daftari pamoja: huduma, nani kafanya, pesa, bidhaa iliyotumika. Dawa ipimwe kwa mizani ndogo ya jikoni. Kopo la kilo moja kwa gramu 80 linatoa retachi 12. Likichotwa kwa macho, gramu 120 kila mara, ni nane tu.

Fungua Septemba, ili Desemba ikukute na wateja waliokuzoea. Angalia pia kalenda ya Ramadhani: mchana panapoa, siku za mwisho kabla ya Idd hamtakaa. Januari ni ada za shule na viti vitupu. Na kumbuka, ukilipa miezi sita Septemba mosi, deni la milioni moja na nusu linarudi Machi mosi, baada tu ya miezi mibaya. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza toa elfu 10 kila jioni kabla ya kumlipa yeyote, uiweke kwenye akaunti isiyounganishwa na simu ya saluni.