Kuomba kibali cha kufanya kazi kiwandani: mwongozo kwa mkandarasi anayeingia mara ya kwanza

Nimetoka kumaliza kazi ya kubadilisha vipande vya bomba la mvuke katika kiwanda kikubwa. Kazi yenyewe ilituchukua siku nne. Kabla na katikati yake tulikaa siku sita bila kugusa chuma, na siku zote hizo mafundi wangu wanane walikuwa wakilipwa. Siku hizo hazikupotea kwa sababu ya uzembe wa mtu getini. Zilipotea kwa sababu karatasi nilizopeleka zilikuwa zinaeleza vifaa na kazi tofauti kidogo na vile tulivyokuwa navyo. Kwa hiyo nitapita haraka kwenye mambo mepesi na kukaa pale palipotukwamisha.

Faili la kampuni

Usajili, leseni, bima na sera ya usalama unavijua. Angalia jambo moja kwenye bima: aina ya kazi iliyoandikwa humo. Bima inayotaja ujenzi wa kawaida bila kutaja kuchomelea au kazi za mahali pa juu itarudishwa. Ukiulizwa idadi ya ajali za miaka iliyopita, andika za kweli na ueleze mlirekebisha nini baada yake. Afisa usalama mzoefu huliamini faili lenye ajali moja iliyoelezwa vizuri kuliko faili lenye sifuri tupu.

Vyeti vya vifaa

Hapa ndipo tulipoacha siku tatu za kwanza. Tulikuwa na mikanda sita ya kunyanyulia na winchi mbili za mnyororo, zote na vyeti vya ukaguzi ambavyo muda wake haukuwa umeisha. Nilikuwa na uhakika kabisa. Mkaguzi wa kiwanda akachukua kila mkanda, akasoma namba kwenye lebo yake na kuitafuta kwenye cheti. Mikanda miwili haikuwemo. Miezi michache nyuma mikanda miwili ya zamani ilichakaa, tukanunua mipya, na hakuna aliyekumbuka kuipeleka kukaguliwa. Nilijaribu kueleza kwamba mipya ni bora kuliko ile ya zamani. Akanijibu kwa upole kwamba huenda ni kweli, ila hakuna aliyeijaribu.

Fanya hivi wiki mbili kabla ya kwenda. Tandaza vifaa vyote sakafuni. Mtu mmoja asome namba iliyo kwenye kifaa, mwingine aitafute kwenye karatasi, wa tatu aandike. Usikague faili peke yake ofisini kama nilivyofanya mimi. Kwa vifaa vya kunyanyulia, hakikisha uzito wa mwisho unaoruhusiwa unasomeka kwenye lebo, maana lebo iliyofutika hukataliwa hata kama cheti kipo. Kwa grinda, kinga iwe imefungwa, na kasi iliyoandikwa kwenye jiwe la kukatia isiwe ndogo kuliko kasi ya mashine. Mitungi ya gesi iwe na vifaa vinavyozuia moto kurudi ndani ya mtungi, na mipira yake ifungwe kwa klipu, waya hazikubaliki. Kipima gesi kinahitaji cheti kinachothibitisha kwamba kinapima sawasawa, na juu ya hicho kinajaribiwa kwa gesi maalumu kila siku kabla ya kutumika.

Watu

Vyeti vya afya, vyeti vya ufundi, mafunzo ya utangulizi. Panga siku nzima kwa mafunzo hayo, kwa sababu yana mtihani mwishoni na anayefeli haingii siku hiyo. Kama kuna fundi asiyeielewa vizuri lugha ya mafunzo, sema mapema ili apate mkalimani. Fundi hodari anaweza kufeli kwa kutoelewa swali, na kibaya zaidi anaweza kufaulu kwa kubahatisha, kisha asijue king'ora kinamwambia akimbilie wapi.

Maelezo ya kazi na tathmini ya hatari

Nakuomba usome sehemu hii polepole, maana humu kuna siku tatu zilizobaki.

Nilikuwa na maelezo ya kazi niliyoyatumia mahali pengine, nikabadilisha jina la kiwanda na tarehe. Yalisema tutalegeza nati, tutatoa kipande cha zamani na kuweka kipya ambacho tulikichomelea karakanani. Hakukuwa na moto wowote eneo la kazi, na kibali tulichopewa kilikuwa cha kazi baridi, yaani kazi isiyo na moto wala cheche. Siku ya pili tukakuta nati za kiungo kimoja zimeoza kwa kutu na hazizunguki. Fundi wangu akafanya ambacho fundi yeyote angefanya: akachukua grinda. Hakuwa amekata hata nati moja msimamizi wa eneo alipofika na kusimamisha kazi yote. Kibali kikafutwa.

Grinda inatoa cheche, na cheche ni kazi ya moto. Kibali chake ni kingine, na maandalizi yake ni mengine: gesi ipimwe, vitu vinavyoweza kuwaka viondolewe, mitaro na matundu ya sakafu yafunikwe, vizimia moto viwekwe karibu, na awepo mlinzi wa moto asiye na kazi nyingine. Kanuni za Marekani, ambazo viwanda vingi vya nje vimeziiga, zinataka umbali wa futi 35, yaani karibu mita 11, usiwe na vitu vinavyoweza kuwaka, na mlinzi wa moto abaki angalau nusu saa baada ya kazi kwisha. Viwanda vingine vinataka saa nzima. Siku ile nilikasirika. Nilipoonyeshwa tundu la sakafu lililokuwa hatua chache tu kutoka pale, na bomba la mafuta linalopita chini yake, hasira iliisha.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika, omba kwenda kuliona eneo. Nenda na fundi atakayeshika spana mwenyewe, umuulize: hii nati ikikataa, utafanyaje? Jibu lake liingie kwenye maelezo ya kazi tangu mwanzo. Uliza pia gamba la kuzuia joto la bomba la zamani limetengenezwa kwa nini, kwa sababu mabomba ya miaka mingi yanaweza kuwa na asbesto, madini yenye nyuzi zinazoharibu mapafu, na hiyo haiguswi bila wataalamu wake.

Siku ya kazi

Kibali cha kazi kina saa zake. Zamu ikibadilika, kinahuishwa na anayekabidhi anazungumza ana kwa ana na anayepokea. Usikubali kuliruka hili. Tarehe 6 Julai 1988, kwenye jukwaa la mafuta la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, mafundi wa mkandarasi walikuwa wametoa valvu ya usalama ya pampu moja, kazi haikuisha, na tundu likafunikwa kwa muda. Zamu ya usiku haikujua valvu haipo. Pampu nyingine ilipozima, wakaiwasha ile, gesi ikavuja pale palipofunikwa na kulipuka. Watu 167 walikufa. Kibali kilikuwepo, ila habari iliyokuwa ndani yake haikuwafikia waliohitaji kuijua.

Kwenye ubao wa kufungia mitambo, yaani pale panapowekwa makufuli ya kuzuia mtambo usiwashwe watu wakiwa kazini, kila fundi aweke kufuli lake mwenyewe na ufunguo akae nao mfukoni. Msimamizi asifunge kwa niaba ya kundi. Baada ya kufunga, thibitisha: kwa umeme, jaribu kuwasha, kwa mvuke, fungua valvu ya kutolea maji na uone kipimo kimeshuka hadi sifuri. Kama kuna kuingia ndani ya tangi, oksijeni iwe kati ya asilimia 19.5 na 23.5, ipimwe juu, katikati na chini, na nje abaki mtu asiyeondoka hata kwa dakika moja.

Kufunga kibali

Kazi ikiisha, rudisha kibali kwa aliyekitoa, mkague eneo pamoja, naye asaini. Ankara yako haitapokelewa kama kuna kibali kilichobaki wazi kwa jina lako. Halafu hesabu makufuli. Fundi wangu mmoja alikuwa ameondoka mapema siku ya mwisho akiwa na ufunguo mfukoni, na hakuna aliyekubali kulikata kufuli lake kabla fundi huyo hajathibitisha kwa sauti yake mwenyewe kwamba yuko nje ya eneo. Tulimpigia simu, akarudi. Mvuke ulifunguliwa saa mbili baadaye, kufuli la nane lilipotoka ubaoni.