Eskro inavyofanya kazi ukinunua au kuuza kripto

Iko hivi, kwenye soko la mtandaoni la watu kuuziana kripto (pesa za kidijitali kama Bitcoin), eskro ni soko lenyewe kushika koini kama mtu wa kati: oda ikifunguliwa tu zile koini za muuzaji zinafungwa pembeni, yeye hawezi kuzigusa na mnunuzi naye bado hajazipata, zinakaa hapo zikisubiri hela. Mnunuzi anatuma pesa, anabonyeza "nimelipa", muuzaji anaachia koini. Basi.

Sasa wauzaji wengi wanaliwa hapo kwenye kuachia. Mtu anakutumia skrinshoti ya malipo, au meseji inayofanana kabisa na ya benki, halafu anakukimbiza "bosi achia basi nina haraka", wewe achana na meseji, ingia kwenye akaunti yako mwenyewe uone salio limeongezeka kweli na jina la aliyetuma ni lilelile la kwenye oda, maana Bitcoin ikishatoka hairudi, hakuna wa kumpigia simu. Jina likiwa tofauti usiachie, fungua malalamiko, koini zitabaki zimefungwa mpaka msuluhishi wa soko aangalie ushahidi wa pande zote mbili.

Na wewe mnunuzi, ukishalipa usighairi oda hata muuzaji akikubembeleza vipi, ukighairi tu koini zinamrudia. Akisema mmalizie WhatsApp eti bei itashuka, kimbia, huko eskro haipo.